Siku Nilipotumwa Kukata Simu za Mlimani

Siku yangu ya kwanza kazini niliunganisha daktari na bucha.

Daktari alikuwa anatafuta damu. Alipiga kutoka hospitalini, akaomba aunganishwe na wenzake wa Moshi, na mimi nikachomeka waya kwenye tundu la jirani. Nikabaki nasikiliza kwenye vipokea sauti, maana ndivyo tulivyofundishwa, opareta asiondoke mpaka asikie pande zote mbili zimesalimiana. Daktari akasema, "Nahitaji damu, haraka." Upande wa pili mwenye bucha akajibu kwa heshima zote, "Ipo daktari, ya mbuzi au ya ng'ombe?"

Msimamizi wetu, mama mmoja mnene wa Kisangara aliyevaa miwani ya kamba, alichomoa waya ule kwa mkono mmoja na kuuchomeka panapostahili kwa mkono wa pili, kisha akanitazama.

"Namkunda, masikio unayo?"

"Ninayo, mama."

"Na mikono?"

"Ninayo."

"Basi vijuane. Vifanye kazi pamoja."

Wengine walicheka mpaka machozi. Mimi nilijua nimefukuzwa, lakini sikufukuzwa. Jioni nilipotoka pale kituo cha simu cha Same nilitembea kuelekea nilikopanga chumba nikiwa kama nimelewa, kwa furaha. Kutwa nzima nilikuwa nimeshika sauti za watu mkononi! Mtu yuko Same, ndugu yake yuko Tanga, na kati yao yuko binti wa Chome, kijiji cha mlimani, na kipande cha waya. Sijui nyinyi vijana mnaosoma haya mnaweza kulielewa hilo, maana simu zenu zinajiunganisha zenyewe. Sisi tulikuwa ndio muunganisho.

Niwaeleze kidogo tulivyofanya. Mbele ya kila opareta palikuwa na ubao wenye matundu, kila tundu na mteja wake. Mteja akizungusha mkono wa simu yake, kifuniko kidogo juu ya tundu lake kilianguka na kutoa mlio, tak! Unachomeka waya, unasema "Namba tafadhali," naye anakutajia anayemtaka. Mji wetu ulikuwa mdogo, kwa hiyo wengi hawakutaja namba. Walisema, "Niitie shemeji yangu pale stendi," nasi tukajua ni nani.

Enzi zile simu zote nchini zilikuwa za shirika moja, mali ya serikali. Mtu aliweza kuomba simu ya nyumbani mtoto wake akiwa mchanga, akaipata mtoto ameshaanza shule. Waya haukutosha, nguzo hazikutosha, vipuri vilisubiri meli. Lakini tulikuwa na moyo. Fundi Mkuu wetu, Mzee Sifueli, alipanda nguzo kwa viatu vya chuma chenye meno, mkanda wa ngozi kiunoni, huku akiimba nyimbo za kanisani kwa sauti nene, na wafugaji waliopita na ng'ombe wao kule tambarare walisimama kumsikiliza.

Kisha ukaja mtambo wa kujiendesha. Huu uliunganisha simu bila opareta. Mteja alizungusha namba na mashine ikafanya yaliyobaki. Wenzangu wengi walihamishiwa ofisi nyingine. Mimi nilikwenda kwa Mkuu wa Kituo, mtu mkavu wa maneno, nikamwambia nataka kuwa fundi.

"Wanawake hawapandi nguzo," akasema.

"Nimekulia Chome, mzee. Nimepanda miti yenye miiba, mirefu kuliko nguzo zenu."

Akanitazama kwa muda, kisha akamwita Mzee Sifueli, akamwambia, "Mchukue huyu. Akianguka, ni wako." Sikuanguka. Nilijifunza kuunga waya, kupima laini, na kuisoma fremu, ile kabati kubwa ambamo nyaya za mji mzima hukutana. Na kwa kuwa simu za mlimani zilibaki za kizamani, zile za kuzungusha mkono, niliachiwa pia ubao mmoja mdogo pembeni ya mtambo mpya. Ubao huo ulikuwa na laini ya Chome, iliyokuwa dukani kwa Mzee Elieskia, na laini ya Mhezi, njiani kutoka Chome kuteremka Same, iliyokuwa ofisini kwa Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi. Kwa vijiji vile, simu ilikuwa hiyo tu. Mwenye shida alishuka kutoka shambani kwake, akapanga foleni.

Halafu tukaanza kusikia neno jipya redioni: ubinafsishaji.

Kwanza simu zilitenganishwa na posta, zikawa kampuni. Baadaye kampuni yenyewe ikatafutiwa mwekezaji, yaani serikali ingebaki na sehemu yake na wageni wangenunua sehemu nyingine na kuiendesha. Tulikusanywa ukumbini, tukaambiwa hakuna atakayeumia. Waliosema hivyo nadhani waliamini. Lakini haikuchukua muda wenzetu wakaanza kuitwa ofisini mmoja mmoja na kupewa barua za kuachishwa kazi. Mzee Sifueli aliitwa siku ya Jumanne. Alitoka, akaufungua mkanda wake wa ngozi, akauviringa vizuri, akaniwekea mezani. Kisha akarudi kwao Hedaru kulima. Nililia siku ile, wala sioni haya kusema.

Hata hivyo, nisiwe mchoyo wa ukweli. Vilikuja pia vifaa ambavyo hatukuwahi kuviona! Mashine za kupimia zilizokuonyesha waya umekatikia wapi bila kutembea jua lote. Magari mapya. Kompyuta. Nilikuwa nawahi kazini kama mtoto anayewahi shule yenye mpira mpya. Machungu na furaha vilikaa ndani yangu pamoja, na sikujua niseme lipi kwanza.

Ndipo Meneja wa Kanda akaja kutoka Dar es Salaam. Alikuwa kijana, mpole, shati jeupe, viatu ambavyo havikuwahi kuona tope. Alinikuta kwenye ubao wangu mdogo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Akakaa kwenye kiti cha mbao, akanieleza taratibu. Laini za mlimani zilikuwa zinaanguka kila masika, nguzo zinaoza, na mapato yake ni kidogo. Uongozi mpya umeamua zikatwe siku hiyo. Na mimi ndiye fundi wa zamu.

"Na kazi yangu?" nikauliza.

"Tutazungumza, mama. Tumalize hili kwanza."

Mvua ilikuwa imenyesha milimani usiku kucha. Asubuhi ile ukitazama kutoka Same, safu yote ya Upare ilikuwa imefunikwa na wingu jeusi. Nikachukua koleo ya kukatia waya. Kisha nikamwomba jambo moja: niwaage. Watu hao nimezungumza nao miaka yangu yote ya kazi, siwezi kuwakatia kama mwizi. Akaitikia kwa kichwa.

Nilipotaka tu kuchomeka waya, kifuniko cha Mhezi kikaanguka chenyewe. Tak!

"Namba tafadhali."

"Namkunda! Ni Mwalimu hapa! Barabara imemeguka!" Mwalimu Mkuu alikuwa anahema. "Juu ya shule, pale kwenye kona, imekwenda yote bondeni. Huwezi kuona mpaka ufike. Basi la Chome limeondoka?"

Ilikuwa Jumamosi, na kwaya ya usharika wa Chome ilikuwa inateremka Same kwa tamasha. Basi lingekuwa limejaa mpaka mlangoni. Na katika basi hilo alikuwemo dada yangu, anaimba sauti ya pili.

Nikachomeka Chome, nikazungusha mkono kwa nguvu. Ikaita. Ikaita tena. Mzee Elieskia akapokea.

"Dukani hapa."

"Mzee, shikamoo, basi liko wapi?"

"Limeondoka sasa hivi, Namkunda, wamepita hapa wanaimba..."

"Lisimamishwe! Barabara imekatika Mhezi! Tafuta mtu apite njia ya mkato!"

Nyinyi wa milimani mnajua njia za mkato: barabara huzunguka na kuzunguka, lakini mtu anayeteremka moja kwa moja kati ya migomba hulitangulia gari. Lakini mvua ilikuwa imeilowesha njia ile, utelezi mtupu. Mzee Elieskia akasema, "Kwa miguu hawatafika." Kisha nikasikia simu ikiwekwa mezani, na sauti yake ikaenda mlangoni, ikapaa, kwa Chasu, lugha yetu Wapare, ndefu, kwa nguvu zote alizokuwa nazo. Alikuwa anawaita wanawake waliokuwa wanapalilia maharage kwenye miteremko chini ya duka.

Sauti ya mwanamke ikamjibu. Kisha ya mwingine, mbali kidogo. Kisha nyingine chini zaidi, ikitamka maneno yale yale: lisimamisheni basi, barabara haipo. Zilikuwa zinapokezana shamba kwa shamba kuteremka mlima, kila moja ndogo kuliko iliyotangulia, mpaka nikawa sisikii kitu isipokuwa mvua ikigonga bati la duka.

Meneja wa Kanda alikuwa amevaa vipokea sauti vya pili. Hakuelewa Chasu, lakini alikuwa ameushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili. "Wanasema nini?" akauliza. Nikamwambia. Tulisubiri. Mwalimu upande wa Mhezi naye alisubiri, tulimsikia anapumua. Nilimwomba Mungu nikitaja jina la kila mwanakwaya niliyemkumbuka.

Hatimaye sauti zikaanza kurudi. Kwanza hafifu sana kutoka chini, kisha zikapanda, shamba kwa shamba, safari hii na vigelegele ndani yake. Mzee Elieskia akaishika simu. Alikuwa amekauka koo.

"Limesimama, Namkunda. Dereva amewasikia. Wako salama wote, wameteremka, wanatembea kwa miguu."

Nilikaa chini sakafuni. Si kwenye kiti, sakafuni. Mwalimu alikuwa anacheka na kulia kwenye laini ile. Meneja akavua vipokea sauti, akainama, akaichukua koleo ambayo hata sikujua nimeidondosha, akaitia mfukoni mwake.

"Mama," akasema, "sina mamlaka ya kubadilisha uamuzi wa uongozi. Ila nina mamlaka ya kuripoti kwamba kazi haijakamilika."

"Itakamilika lini?"

"Itategemea wewe. Niletee njia ya kuwapa watu hawa simu bila zile nguzo zenu zilizooza, nami nitaisimamia Dar."

Wiki iliyofuata nilikuwa Chome, na yeye yuko nyuma yangu na viatu vyake vikiwa tope tupu, tukitafuta kilele cha kuwekea mnara mdogo wa redio. Mnara wa redio unapokea mazungumzo na kuyarusha hewani mpaka mjini, hauhitaji waya. Kijiji kilitoa ardhi siku hiyo hiyo. Vifaa vilipofika kutoka Dar, Mchungaji na Padri walitangaza kila mmoja kanisani kwake, na Jumatatu watu walijitokeza wengi kuliko mizigo. Betri zile nzito, vyuma, paneli za jua, vyote vilipanda kwa mabega na vichwa, gari lilishindwa mbali kabisa huko chini. Wanawake wale wa mashamba ya maharage walibeba antena wakiimba. Dada yangu alishika upande wa mbele, akaniambia, "Wewe panda tu, sisi tutafika."

Tulipowasha, Meneja akanipa heshima ya kupiga. Nikapiga kituoni Same. Sauti ikaja safi, bila mkwaruzo, kama mtu amekaa ubavuni mwangu. Nikashindwa kusema. Kilele kizima kikapiga kelele badala yangu, na aliyepokea kule Same akafikiri tumevamiwa.

Simu za mlimani hazikukatwa, zilihamia tu kwenye mnara. Wakulima wa tangawizi wakaanza kuuliza bei Same kabla ya kupakia mizigo, na foleni kwenye simu ikawa ndefu hata tukalazimika kuongeza nyingine. Mimi nilibaki kazini. Baada ya miaka wageni wakaondoka, serikali ikairudisha kampuni mikononi mwake. Simu za mkononi zilikuwa zimeshaingia, ushindani ukawa mkali, tukajifunza kuuza, kubembeleza wateja, kuunganisha intaneti. Nilitumikia shirika, nikatumikia kampuni ya ubia, nikatumikia kampuni ya umma, kituo kile kile. Vijana huniuliza upi ulikuwa uendeshaji bora. Nawajibu kwamba kila mmoja ulinifundisha kitu, na kila mmoja ulikuwa na watu wake wa kuingia tope na watu wake wa kubaki ofisini. Wakati wa wageni nilipata vifaa nikampoteza Mzee Sifueli. Siwezi kukitoa kimoja nikakuachia kingine.

Nilistaafu nikapewa keki na kiti cha kupumzikia. Kiti nimekikalia mara chache.

Mwezi uliopita nilipita kituoni kusalimia. Nikamkuta mhandisi, binti mdogo wa umri wa wajukuu zangu, anapakia kwenye gari roli la waya mwembamba wa kioo, ule unaosafirisha mazungumzo kwa mwanga. Mwanga! Nilimuuliza maswali mpaka dereva akapiga honi.

"Mnaupeleka wapi?"

"Bombo, bibi, kule mlimani. Kwenye kituo cha afya."

"Bombo kuna mahali pabaya pa kupitisha, karibu na mto."

"Ndiyo tunakwenda kupaangalia." Akanitazama, kisha akafungua mlango wa gari. "Unataka kuja?"

Nilikuwa na kikapu cha nyanya mkononi. Nikampa mlinzi.