Mkate Ambao Rogatus Hakuuoka

Siku ya sikukuu ya waokaji, punda wa Kartago hupumzika. Huvishwa mashada ya maua shingoni, wakazungushwa mitaani kwa zumari, na mawe ya kusagia hunyamaza. Kwa Spesina ukimya huo ulikuwa mbaya kuliko kelele. Siku nyingine zote mngurumo wa jiwe ulificha minong'ono yake.

Alizaliwa bara, kwa watu wanaokamua zeituni, akaolewa mjini na Rogatus mwokaji. Alipoletwa alikuwa msichana mcheshi, mwepesi wa kuimba huku akichekecha unga, hata wateja wakasema mkate wa nyumba ile una wimbo ndani yake. Kisha akazoeana na Gududa, muuza samaki wa karibu na bandari, na kwa huyo mama akasikia habari za Kristo. Pasaka ikaja, akabatizwa kwa siri. Kabla mwaka haujaisha, Gududa alifikishwa mbele ya liwali, akakataa kuchoma ubani kwa ajili ya Kaisari, akatupiwa wanyama uwanjani. Rogatus alikwenda kutazama na wenzake. Jioni alisimulia yote mezani, na Spesina akaendelea kupakua dengu. Tangu hapo hakuimba tena.

Jambo moja tu hakuliacha. Waumini, wakishamaliza ibada, kila mmoja hubeba kipande cha mkate uliobarikiwa, akala chembe yake kwa sala kila alfajiri kabla hajatia kitu kingine kinywani. Cha kwake alikiviringisha katika kitambaa, akakizika chini ya sufu ndani ya kikapu cha kusokotea. Mwanaume gani hutia mkono kwenye kikapu cha sufu?

Asubuhi ya sikukuu, Rogatus akatia.

"Mke wangu, uzi mwekundu uko wapi? Punda wangu hawezi kutoka shingo tupu kama mtumwa mtoro!" Aliuliza huku mkono umeshazama. Spesina, aliyekuwa akifagia mbele ya meko, aliuona mkono ukisita, kisha ukatoka na kile kitambaa.

Rogatus alikifungua. Aliunusa mkate, akaubonyeza kwa kidole gumba.

"Shayiri," alisema polepole. "Unga haukuchekechwa vizuri. Na tanuri halikushika moto." Akainua macho. "Huu si mkate wangu."

Spesina alishika ufagio kwa mikono yote miwili.

"Nyumbani kwa mwokaji! Mke wa mwokaji anaficha mkate wa mwanaume mwingine! Ni Saturio wa tanuri la jirani, siyo? Yule anayekuita kila asubuhi, 'Shemeji, njoo uonje mkate wa kweli'?"

Spesina nusura acheke. Mume wake alikuwa amewaza zinaa! Akajiona akisema ndiyo: angeachwa, angerudishwa kwao kwa aibu, lakini angekuwa hai. Akisema hapana, swali la pili lingekuwa ni mkate wa nani.

Mavyaa yake, Namgidde, alikuwa amesikia yote kutoka ghalani. Aliingia akijifuta mikono.

"Hawara gani anayehonga mkate mbaya namna hiyo? Huo ni wa kukuroga, mwanangu. Huyu hanong'oni peke yake kila alfajiri? Mimi namsikia. Mpe mbwa huo mkate, tuone."

Mbwa aliyelala chini ya meza alisikia anatajwa, akanyanyuka akitikisa mkia. Rogatus aliinama na mkate mkononi.

"Usimpe!"

"Ahaa!" alisema Namgidde. "Kumbe una sumu."

Spesina hakukumbuka baadaye jinsi alivyovuka chumba. Alijikuta ameunyakua, na mwili wa Kristo Bwana wake, akiba yake yote, umejaa kinywani. Mate yalikuwa yamekauka. Alitafuna na kutafuna huku wale wawili wakimkodolea macho, wakingoja aanguke. Mtaani zumari zilikuwa zinakaribia.

Hakuanguka.

Namgidde alikaa kwenye kigoda taratibu, kama mtu aliyezeeka ghafla. "Yule mama wa samaki," alisema kwa sauti ya chini. "Ulikuwa unanunua samaki wake hata siku tusizokula samaki."

Rogatus alimtazama mama yake, kisha mkewe. Uso ulimpauka kuliko unga. "Sema ni Saturio," alisema. "Nakuomba, Spesina. Sema ni yeye. Nitapiga kelele mtaa mzima, nitakupa talaka, utaenda kwenu, yaishe."

"Si Saturio," alisema Spesina.

Hapo hapo mlango ukagongwa, na kabla mtu hajajibu ukasukumwa. Alikuwa Saturio mwenyewe, shada limemwangukia jichoni, majirani wamejazana nyuma yake.

"Rogatus! Punda wangu ameshavaa, wako bado yuko uchi? Na moto wenu mbona haujapewa unga? Shemeji, njoo uutupe, tunakungoja wewe tu!"

Ndiyo ilikuwa desturi: mke wa kila mwokaji humtupia mungu wa moto konzi ya unga na chumvi, majirani wakishuhudia. Bakuli lilikuwa tayari kando ya meko. Mwaka uliopita Spesina alijifanya mgonjwa. Sasa wote walikuwa wanamtazama, naye alijua atakalosema, na alijua baada ya neno hilo kuna uwanja. Akafungua kinywa.

"Toka hapo!" Namgidde alimsukuma kando, akalichukua bakuli. "Huyu yuko kwenye siku zake. Mnataka atie najisi moto wangu? Saturio, mama yako hakukufunza kitu?"

Vicheko vikalipuka. Unga ukapaa, moto ukavuma, watu wakapiga makofi, wakaondoka na punda.

Namgidde alimshika mkwewe kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma. "Usidhani nimekuhurumia. Wakija kukuchukua wewe, watamchukua na mwanangu. Mwaka ujao utautupa unga huo kwa mkono wako mwenyewe."

Rogatus hakulitaja tena jambo lile, wala hakugusa tena kikapu. Lakini tangu Spesina alipopata kipande kingine ibadani, kila alfajiri alipogeukia ukuta na chembe yake kinywani, alimsikia mumewe akimsimamisha punda. Jiwe lilinyamaza. Rogatus alikuwa anamngoja amalize, au anamsikiliza? Hakuthubutu kuuliza. Alimeza haraka, na nyuma ya ukuta punda akaanza tena kuzunguka.