Nguzo ya Kwanza ya Nyumba Yetu Kasha

Jumamosi moja ya mwezi uliopita, nikitoka kumwangalia maman hospitalini, nilipita mtaa wa Kasha na kumwona mjane akimngoja shemeji yake aje kusimika nguzo ya kwanza ya nyumba. Harufu ya mikaratusi iliyokatwa karibuni ilinirudisha kwenye alasiri tuliposimikiwa nguzo yetu.

Baba alipofariki, maman alikataa kurithiwa na ndugu wa baba. Tulihama kijiji cha Miti, akanunua kiwanja pale Kasha mteremkoni kwa jasho lake. Miti ya kujengea ilikuwa tayari, lakini kwetu mwanamke hasimiki nguzo ya kwanza, kwa hiyo akamwita kaka yake.

Tonton, huyo mjomba wetu, alikuja na viatu vya misa, akasimika nguzo, kisha akaketi kunywa kasiksi, pombe yetu ya ndizi.

“Nyumba hii iko ya nani?” akauliza.

“Iko ya kwako, papa!” jirani mmoja akajibu. “Mwanamuke naye iko na nyumba?”

Watu wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, nikidhani ni utani. Maman hakucheka, nami nikadhani amechoka.

Tonton alipooa alitutoa humo, na majirani wote wakashuhudia kwamba nguzo ilikuwa yake, basi na nyumba.

Yule mjane nilimpita tu. Ningemwambia asimike mwenyewe, nani angemkubali?

Juzi nilimwandikia tonton: “Maman hatapona. Hadai tena nyumba. Anaomba tu kwamba siku ya kuzikwa, jeneza lake litokee pale.”