Safu Mbili za Masale

Saa mbili kasoro asubuhi, Ebenezeri Mlay anashuka kwenye bodaboda pembezoni mwa Rau, mjini Moshi, akiwa na mzigo wa mashina ya mmea wa masale begani. Anauweka chini, anavua kofia, anaivaa tena. Nyumba iliyo mbele yake ina alama ya tope ukutani, juu kidogo ya kitasa cha mlango. Ameiona mara nyingi, lakini bado hawezi kuitazama sawasawa.

Ebenezeri, mwenye umri wa miaka 58, ni kibarua wa upimaji wa viwanja. Kwa miaka 22 amefyeka vichaka, amevuta kamba na kuzika bikoni za saruji za mipaka kwa Sh15,000 kwa siku. Vipimo husomwa na wenye vyeti. Kazi yake yeye ni kuijua ardhi, na hapo ndipo aibu yake ilipoanzia.

"Nilidanganya," anasema. "Si kwamba sikujua. Nilijua."

Kitongojini kwao Mwika, babu yake alimfundisha kusoma masale kabla hajajua kusoma vitabu. Safu moja ya mmea huo ni mpaka wa kihamba, shamba la ukoo. Safu mbili zinazokwenda sambamba, katikati pakiwa patupu, ni njia ambayo wazee wameyaachia maji, hata kama maji yenyewe hayajaonekana kwa miaka mingi.

Miaka minne iliyopita, Jumamosi moja ya Septemba, alikuja hapa na wenzake kupima shamba la zamani. Mpimaji wao, kijana Daniel kutoka Dodoma, alisimama katikati ya safu mbili za masale akamuuliza ni za nini.

Njia ya maji ilitakiwa ichorwe kwenye ramani na isijengwe. Hiyo ingekuwa kazi ya siku mbili zaidi. Na saa nane mchana Ebenezeri alikuwa akisubiriwa Mwika, kwenye sherehe ya kipaimara ya mwanawe wa pekee, Wilson. Mbuzi alikuwa ameshachinjwa na pombe ya mbege imeiva.

"Nikamwambia ni mipaka tu ya shamba. Aliniamini kwa sababu mimi ndiye mwenyeji. Nikayang'oa kwa mikono yangu, nikawahi sherehe. Ile nyama niliila kwa raha kabisa. Hilo ndilo linaloniumiza."

Haraka haraka haina baraka, lakini hapa aliyefanya haraka ni mmoja na waliokosa baraka ni wengine.

Aprili mwaka huu mvua ilinyesha mlimani siku tatu mfululizo. Maji yakashuka, yakapita palepale. Yuditha Temu, au Mama Kindness, mjane wa miaka 49 anayeuza maziwa, alikuwa amejenga katikati ya njia hiyo. Ng'ombe wake wawili walikufa wakiwa wamefungwa zizini.

"Niliwasikia wanalia," anasema. "Baadaye sikuwasikia tena."

Mwezi uliofuata Ebenezeri alimwendea na jani la isale, mmea huohuo, mkononi, kama Wachagga wanavyofanya wakiomba radhi. Si jambo jepesi kumkatalia aliyekuja na isale. Yuditha alikataa.

"Nilimwambia, Baba Wilson, hilo jani sina pa kuliweka. Karudishe yale uliyong'oa, kila shina mahali pake, ili anayekuja kununua aone."

Na wanunuzi wapo. Viwanja 11 zaidi kwenye mkondo huohuo vinasubiri kibali, na kamati ya mipango miji inakutana Alhamisi. Ofisa mipango miji, Eliaichi Swai, amemwomba Ebenezeri asimame aeleze alichokifanya.

"Ramani inasema pale ni pakavu," anasema Eliaichi. "Bila yeye sina cha kuwaonyesha wajumbe."

Kampuni anayoifanyia kazi imeshampigia simu: akisema, asirudi.

"Mficha uchi hazai, najua," anasema Ebenezeri. "Lakini Daniel atakuwa amekaa pale kikaoni, ananitazama. Naona haya, jamani. Hata kanisani siku hizi nakaa benchi la nyuma."

Anafunga kamba kwenye vigingi vya miti na kuanza kupanda masale, shina moja kila baada ya hatua mbili. Yuditha anamtazama kutoka barazani. Hajamkaribisha hata maji ya kunywa.

Kufikia saa sita, safu ya pili imefika kwenye baraza hilo. Ebenezeri anang'oa kigingi, anaanza kuizungusha kamba pembeni ya nyumba.

"Mbona unapinda?" anauliza Yuditha.

"Ni nyumba yako, Mama Kindness."

"Wazee walipinda hapo?"

"Hapana."

Yuditha anaingia ndani. Anatoka na sululu, anasogeza ndoo za maziwa, anaonyesha sakafu ya saruji ya baraza.

"Basi na wewe usipinde."

Ebenezeri anaipokea sululu kwa mikono miwili. Anasema Alhamisi atawaomba wajumbe watoke ukumbini waje wasimame hapa, wauone mmea wa shambani katikati ya baraza la mtu. Kisha atawaambia nani aliung'oa. Kazi atatafuta nyingine, hata ya kulima.

Anapiga saruji. Inapasuka kwa pigo la tatu, na chini yake kuna mchanga mweupe wa mto. Anapogeuka kuchukua shina, halipo pale alipoliweka. Yuditha amelishika mkononi, anasubiri shimo.