Maoni Aliyopewa Bwana Afya

Kabla hajawa mtu wa kuuliza maswali, alikuwa mtu wa kutoa amri. Mtaa mzima ulimwita Bwana Afya, na jina alilopewa na mama yake halikujulikana na mtu isipokuwa dada yake mkubwa, anayeishi naye ua mmoja. Enzi zake alikuwa akiingia uani, anafunua mfuniko wa choo, anainama, ananusa, kisha anasema, "Mpaka kesho." Kesho yake ua unang'aa. Watu walifagia hata njia isiyo yao.

Baadaye wakubwa wakaona mtu wa namna hiyo ni wa kizamani. Cheo kikafutwa, yeye akabaki na kofia. Siku hizi uchafu hauambiwi uondoke. Wenye uchafu wanaulizwa wanauonaje. Basi taasisi moja ya utafiti, inayofuatilia mwaka hadi mwaka maoni ya wananchi kuhusu mazingira yanaelekea wapi, ilipotafuta wadodosaji wanaoijua mitaa, Bwana Afya akapeleka uzee wake huko. Wakampa tableti na masharti: soma swali kama lilivyoandikwa, usikunje uso, usitoe ushauri wala usihoji ndugu zako.

Sharti la uso lilimtesa kuliko yote. Aliketi barazani kwa fundi viatu, na hatua chache mbele yake mtaro umejaa nepi zilizofura kama mito ya kulalia, utumbo wa kuku, maji meusi yanayotoa povu, na nzi wametulia juu yake kama wenye nyumba. Naye, kwa sauti ya upole, akasoma:

"Je, una wasiwasi kiasi gani kuhusu hali ya mazingira? Mkubwa sana, mkubwa, mdogo, au huna kabisa?"

"Mkubwa sana, Bwana Afya," akajibu fundi, miguu ameibana kama mwanafunzi aliyechelewa.

"Je, taka ni tatizo katika mtaa huu?"

"Huu wetu? Hapana, mkuu. Hapa ni usafi mtupu."

"Taka za nyumbani mnazipeleka wapi?"

"Tunachimba shimo, tunafukia. Si ndivyo ulivyotufundisha?"

Mlangoni, mke wa fundi alikuwa akisukuma ndoo ya maganda kwa mguu, taratibu, iingie nyuma ya pazia.

Nyumba baada ya nyumba mambo yakawa yale yale. Muuza mkaa alifukia. Mshona nguo alifukia. Kwa maneno yao, mtaa mzima ulikuwa umefukiwa. Bwana Afya akaingiza majibu kama yalivyotoka vinywani, maana ndiyo kazi.

Kazi ilipokwisha, msimamizi wake, binti wa rika la wajukuu zake, akamwita ofisini na kumwonyesha mchoro. Mitaa mingine mistari ya wasiwasi ilipanda kidogo kidogo. Wa mtaa wake uliruka juu peke yake, na ule wa shida ya taka ukalala chini kabisa.

"Mzee, mtaa wenu ni wa mfano," binti akasema. "Magari mapya ya taka yatapelekwa kule watu waliposema wana shida. Nyinyi mmeshajimudu."

Alirudi nyumbani amevimba kwa hasira. Dada yake alikuwa akisugua sufuria. Alipoyasikia hayo akacheka mpaka akaiweka chini.

"Mdogo wangu, ulitaka wakwambie nini, na hiyo kofia kichwani?"

"Kofia ni ya jua."

"Kwao ni ya faini."

"Enzi zile walikuwa wanasafisha kwa kuelewa. Niliwafundisha."

"Walikuwa wanasafisha ukija. Ukipinda kona, kila kitu kinarudi mtaroni."

"Walijuaje kama nakuja?"

Dada akaokota sufuria yake. "Nani mwingine alijua umetoka nyumbani saa ngapi? Nilikuwa natuma mtu awahi. Usinikazie macho. Ungewatoza wote faini, wangenichukia mimi."

Hakula siku ile. Mtaro aliuzoea, hili lilikuwa jipya.

Asubuhi akarudi ofisini. "Futa mahojiano yangu yote. Tuma mwingine wasiyemjua."

"Nikiyafuta, lazima niweke sababu, mzee. Zipo mbili tu: mdodosaji hakuwafikia watu, au alighushi. Wewe uliwafikia."

"Basi nilighushi."

"Ukiandikwa hivyo, hakuna taasisi itakayokuchukua tena. Na jina lako litasomwa kwa wenzako."

"Litasomwa. Andika."

Mtu aliyekataa rushwa ya kila namna maisha yake yote akaifuta tableti kwa leso, akaiweka mezani, akatoka kwa jina la tapeli.

Mdodosaji mpya alikuwa msichana mgeni mwenye viatu vyeupe. Alipofika uani, Bwana Afya alikuwa chumbani, dirisha wazi, akimsikiliza dada yake akihojiwa.

"Taka ni tatizo katika mtaa huu?"

"Mwanangu, wewe huna pua?"

Msichana akarudia swali, kama sharti linavyotaka.

"Kubwa. Linatuua. Andika hivyo hivyo."

"Za nyumbani mnazipeleka wapi?"

"Mtaroni. Wote. Hata za leo nimeshamwaga."

Fundi viatu, aliyekuwa anapita, akachungulia. "Na mimi uniandike, dada. Kwangu tunamwaga mara mbili."

Wakacheka wote wawili, kicheko cha raha, na msichana akacheka nao. Hapakuwa na ndoo iliyofichwa nyuma ya pazia. Gari la taka lingekuja sasa, na Bwana Afya alilitaka lije. Lakini fundi yule, mbele ya kofia yake, angalau alikuwa anabana miguu.

Bwana Afya akainuka, akatema mate kwenye leso, akafunga dirisha.