Nilimkata Pesa ya Jeneza la Mama Yake

Nitukaneni tu, ndugu zangu, sitakasirika. Mimi ni mtu wa hovyo. Ni karani wa mishahara kwenye kampuni moja ya kununua muhogo hapa Arua, na upumbavu huu niliufanya huku nacheka.

Kulikuwa na mama mmoja, nitamwita Ezaru, mtu wa Lurujo kule Koboko. Alipima muhogo mkavu kwenye stoo yetu miaka mingi. Akaamua kuacha kazi arudi kulima, na tajiri akaniambia nimpigie hesabu yake ya mwisho. "Lakini isikuwe kubwa," akasema. Tajiri yule! Tumbo mbele, roho ya panya.

Basi panya alipata mwalimu. Mshahara wa mwezi ule, likizo ambazo hakuchukua, kiinua mgongo, vyote vilikuwa haki yake. Nikakuna kichwa. Nikakumbuka kwamba mama yake alipofariki, kampuni ilitoa jeneza na lori la kupeleka mwili Koboko. Ulikuwa msaada wa msiba, kama kila mtu huku anavyomfanyia mwenzake. Mimi nikaandika mkopo! Nikakata jeneza, nikakata mafuta ya lori, nikakata hata sukari ya matanga.

Ezaru alitaka kununua ng'ombe wa kulimia. Alipoona kilichobaki akauliza, "Karani, pesa ingine iko wapi?"

"Mama, ulifikiri jeneza ilikuwa ya bure?"

Tajiri alicheka mpaka akakohoa, akaninunulia soda. Soda moja, jamani! Ndiyo bei yangu.

Haukupita muda, baba yangu akafariki kwetu Ayivu. Wenzangu wa kazini walikuja wote, tena walichimba kaburi kwa mikono yao. Lakini chakula kilipoletwa, hakuna aliyenawa. Mke wangu akawabembeleza, wapi! Huku kwetu, mtu akikataa chakula cha msiba wako amekukana mbele ya watu.

Baba mdogo akawauliza kuna nini. Ezaru, aliyetoka Koboko asubuhi ile kuja kunizikia baba, ndiye aliyejibu.

"Mzee, sisi iko na njaa. Lakini kwanza uliza mtoto yako. Hii chakula iko bure, ama atakata?"

"Akate nini?"

Wakamweleza yote. Baba mdogo akatema mate chini, akaniambia niondoke kwenye mkeka wa wafiwa. Niliondoka. Nikasimama nyuma ya jiko kwenye moshi, baba yangu bado mbichi kaburini, na nilipogeuka nikaona watu wananawa mikono.

Niliuza pikipiki yangu, nikampelekea Ezaru pesa yake yote shambani Lurujo. Akaipokea, akasema, "Iko sawa," akaokota jembe. Hakunikaribisha hata kukaa, na alikuwa na haki.

Wewe karani unayepigia watu hesabu ya kutoka kazini, mpe mtu jasho lake lote. Na ukimsaidia mtu kumzika mama yake, usije ukampelekea bili! Tajiri atakununulia soda, lakini kaburi hachimbi.

Mimi sasa mama yangu anaumwa sana. Kazini wote wanajua. Wananisalimia vizuri tu kila asubuhi, wanapita, na mpaka leo hakuna aliyeniuliza, "Mama iko namna gani?"