Kiti cha Mkata Tiketi

Mbeba magunia ya dagaa pale soko la Mwigobero, kando ya ziwa, hakaagi chini. Kila akishusha gunia ananywa soda, amesimama wima, kisha anafuta mdomo kwa kiganja kinachometameta magamba na kufuata gunia lingine. Mimi nakata tiketi za boti, nakaa kutwa nzima. Jana wauguzi walikuja sokoni kutupima. Mimi nilikutwa mzima. Yeye ana kisukari. Alinijia ameshika ngata yake ya kichwani.

“Dada, si mlisemaga sukari ni ugonjwa wa watu wa ofisini? Mimi nilikaaga lini?”

Akaniomba nisimame. Akakiinamia kiti changu, akakipapasa, akatikisa kichwa, akarudi kwenye magunia. Boti ya jioni iliondoka mimi bado nimesimama.