Kondoo wa Pakerr

Nina duka la dawa za mifugo Kitengela, na wateja wangu huniita daktari. Mwanzoni nilikuwa nawarekebisha, siku hizi naitika tu. Ng'ombe wa mtu akiugua, namuuliza mwenyewe maswali mawili matatu, nageuka, nachukua chupa kwenye rafu. Dawa mpya ya kupe ikitoka huko ng'ambo, haichukui muda wakala amefika dukani na kalenda na kofia za bure, ananibembeleza niijaribu. Insulini ya mama huwa naiweka humohumo kwenye friji yangu, katikati ya chanjo za kuku. Mifugo ndiyo inayonilisha, sina ubaya nayo. Lakini kuna jambo ambalo nikilikumbuka nikiwa nyuma ya kaunta ile, natamani kurusha kitu.

Mama anaishi nyumbani kwetu, mbele ya mji wa Kajiado, na kondoo na mbuzi wake. Ana kisukari cha miaka mingi. Kinachomtisha kila mtu si sukari kupanda, ni kushuka. Wengine sukari ikishuka hutetemeka na kutoka jasho, wakajua wale kitu. Mwili wa mama uliacha kumwambia zamani. Atazungumza nawe vizuri, aanze kukujibu mambo ya ajabu, kisha aanguke. Daktari mmoja alituambia bila kuficha kwamba siku atakapoanguka pasipo mtu karibu, hataamka. Tangu hapo, mama asiposhika simu, mimi hufunga duka hata kama kuna foleni.

Kwa hiyo utafiti ulipofika tulishangilia. Kliniki moja ya Kajiado ilitafuta wagonjwa kama yeye wajaribu kifaa kipya: kidude cha kubandika mkononi, kidogo kama kifungo cha koti, pamoja na mashine ya kuvaa shingoni. Sukari ikianza kushuka, mashine inalia. Aliyetuletea alikuwa daktari wa utafiti, binti wa kutoka Murang'a, mpole, asiyeogopa kukaa kwenye kigoda chetu na kunywa chai yenye moshi. Mara ya kwanza mashine ilipolia, mama alikuwa anakamua. Aliweka kibuyu chini, akala sukari, akasubiri, akaendelea kukamua. Daktari aliporudi, mama alimwambia, "Hii kitu inajua mwili yangu kunishinda."

Wiki hiyo alimpa kondoo.

Kwetu, ukimpa mtu mnyama, hamwitani tena kwa majina. Mkipeana kondoo, yeye anakuwa Pakerr kwako na wewe Pakerr kwake, mpaka mmoja wenu azikwe. Nimewaona wazee wakitoka Oltepesi kwa miguu, msimu wa kiangazi, kwa sababu tu Pakerr amesema ana shida. Hakuna anayeulizwa kama ana nafasi.

Daktari alicheka kwa furaha alipoona jike lenyewe, jeupe, lenye kichwa cheusi. "Lakini mama, gari ni ya ofisi. Siwezi beba kondoo."

"Wacha akae hapa. Ni yako, Pakerr. Akizaa, hiyo pia ni yako."

Mama akalikata sikio alama ya peke yake, isichanganywe na zetu. Tangu siku hiyo daktari hakuwahi kumwita jina lingine. Alijifunza hata kuitika "Iko" mama akimsalimia "Takwenya." Nadhani yeye aliona amepewa jina zuri la utani. Mama aliona amepata ndugu, na kwamba mashine haiwezi kuondoka tena, kwa sababu imekuja kwa mkono wa Pakerr.

Utafiti ukaisha. Daktari alikuja siku hiyo na sanduku la plastiki, uso umemshuka. Alisema matokeo yalikuwa mazuri mno, kifaa kimepita, mama na wenzake wamesaidia watu wengi sana duniani.

"Sasa ile mpya utaniletea lini?" mama akauliza.

Daktari alinitazama mimi. "Kwa sasa haitauzwa huku. Kampuni iko na nchi zingine inaanza nazo."

"Na hii?"

"Hii ni ya utafiti, Pakerr. Nimetumwa niirudishe."

Mama aliivua shingoni mwenyewe, akaipangusa kwa shuka, akampa. Hakugombana. Mtu hagombani na Pakerr. Kidude cha mkononi tu ndicho alichokataa kubanduliwa, na daktari hakumlazimisha. Kilikuwa hakina kazi tena bila mashine. Mimi nilisimama pale mlangoni na hasira imenijaa, na sikujua nimrushie nani. Yule binti alikuwa analia.

Nilihangaika. Wakala wangu wa dawa za ng'ombe nilimuuliza, akasema kitu hicho hakipo kwenye mzigo wa mtu yeyote nchini. Binamu yangu anayefanya kazi ng'ambo akanunua kimoja huko na kumpa mtu aliyekuwa anakuja. Nikakimbia nacho nyumbani, nikambandika mama, nikawasha mashine. Ikafikiri kidogo, kisha ikaandika kwamba huduma hii haipatikani katika nchi uliyomo. Nikaizima na kuiwasha tena. Nikatoka nayo nje, nikapanda nayo kichuguu kana kwamba shida ni mtandao. Kifaa kizima, mkono mzima, mkono uleule uliotumika kukijaribu, na kinakataa kwa sababu ya mahali tulipokanyaga. Niliwahi kushindwa na mambo mengi maishani, lakini hapo nilijihisi mdogo kuliko nilivyowahi kuwa.

Jumamosi moja nilimpelekea mama dawa ya minyoo ya mbuzi. Nilimkuta kwenye hori la maji, jua la adhuhuri likiwaka, akiniambia nimharakishe babu kwa sababu ng'ombe wamekunywa tayari. Babu tulimzika nikiwa shule ya msingi. Nilimdaka kabla hajagusa mawe. Nikampaka sukari ndani ya shavu, nikamnywesha soda kidogokidogo, namwita, namwita. Nilikuwa naogopa kiasi kwamba nusu ya soda ilimwagika kifuani mwake.

Alipopata fahamu, kitu cha kwanza alichofanya ni kupandisha shuka begani. Kile kidude cha kwanza kilikuwa bado pale, amekizungushia plasta ya kufungia vidonda vya mbuzi, aliyoichukua dukani kwangu. Akakigusa kwa kidole.

"Mbona haikulia?"

"Yeyo," nikamwambia mama, "hiyo ilikufa zamani."

"Pakerr alisema italia."

Nilimshika tu, naye akaniacha nimshike, jambo ambalo si kawaida yake.

Jioni ile jike la Pakerr likazaa, mara yake ya tatu sasa. Wale wa kwanza wameshakua, wote wana alama yake sikioni, na mama hajawahi kumchinja hata mmoja wala kumuuza kiangazi kilipobana. Aliniagiza nimpigie mwenye mali apate habari. Nilienda pembeni na simu ya mama, maneno makali nimeyapanga mdomoni.

Alipokea upesi. "Pakerr?" Kisha, aliposikia ni mimi, sauti ikabadilika. "Yuko mzima?"

"Yuko," nikasema. "Kondoo wako amezaa."

Akasema, "Kile kifaa mimi sina hata kimoja. Nimeomba kila mahali. Mwambie nimeshukuru."

Nilirudi zizini. Mama alikuwa amempakata mwanakondoo, kisu kikali kiko tayari kwa ajili ya sikio.

"Amesema mashine analeta lini?" akaniuliza.

Nikamshikia mwanakondoo kichwa, asiruke, mama aweke alama.